Maji Yatangulie

Maji humtii aliyeyachezea. Ndivyo nilivyosema, na ninarudia mbele yenu nyote, wala siombi radhi. Nimemwona Elineema akimtoa bintiye kwenye dimbwi la bombani kwa kumvuta mkono kama mtu anayeng'oa muhogo, kisa eti mtoto ana kazi ya shule. Kurasa na kurasa za herufi, na mwenye kuziandika hata kamasi hajui kupenga! Nikasema neno langu, mkacheka, mkaniuliza limetoka wapi. Haya, kaeni. Endeleeni kupukuchua mahindi huku mnasikiliza, kwani masikio hayana kazi nyingine. Nanzia, mjukuu wangu, rudi kwenye dimbwi lako. Mama yako atakungoja mpaka nimalize.

Neno hili lilizaliwa katika tope, huku huku Upare, katika kijiji kilichoitwa Vumbwe.

Watu wa Vumbwe walilima kwenye matuta yaliyochongwa ubavuni mwa mlima, na mvua zikishaisha, uhai wao wote ulikuwa mfereji mmoja. Mfereji huo ulianzia kwenye chemchemi ndani ya msitu, ukazunguka mlima taratibu, ukafika kwenye ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji. Ndiva ikijaa, hufunguliwa, na kila shamba hupata zamu yake. Waliouchimba walikuwa wamekufa zamani na majina yao yamesahaulika, lakini kazi yao ilimduwaza kila mgeni. Ukisimama bondeni ukautazama, ungeapa kwamba maji yanapanda mlima. Hayapandi, bila shaka. Ni mlima unaolidanganya jicho. Lakini mimi nimeyaona kwa macho yangu haya, na hata leo nikiyakumbuka nywele zinanisimama.

Mtunzaji wa mfereji alikuwa Mzee Kajiru. Alikuwa ameupokea kwa baba yake, naye alitazamia kumwachia mwanawe, Mzava. Mzava akafa kwa homa, akaacha mtoto mmoja wa kike, Namkunda, ambaye alikuwa hata kutembea hajui vizuri. Kajiru akabaki na kifua kinachombana na mfereji usio na mrithi. Hofu ikamwingia, na mwenye hofu ana haraka.

Akakaa, akaifunga njia yote ya maji katika maneno. Kila mti, kila kona, kila jiwe vikapata mahali pake katika masimulizi marefu aliyoyaita Safari ya Maji. Kisha akawakusanya watoto wadogo, wa umri wa Nanzia huyu, wale ambao mama zao walikuwa wameanza tu kuwaacha watembee bila kushikwa. Kila asubuhi aliwaketisha kwenye mwamba karibu na nyumba yake, miguu pamoja, mikono magotini, wakariri. Na kwa kuwa mchezo hula wakati, akapiga marufuku kuchezea maji yaliyomwagika chini ya ukuta wa ndiva, mahali ambapo watoto wa Vumbwe walikuwa wakifinyanga tope tangu kijiji kiwe kijiji.

Mkewe, Nakijwa, hakupendezwa.

"Baba Mzava," alimwambia, "hawa ni watoto. Waache wacheze kwanza."

"Samaki mkunje angali mbichi," Kajiru akajibu.

"Wewe umeanza kumkunja hata majini hajatoka!"

Kajiru hakucheka. Na kwa kweli, nani angemsikiliza Nakijwa? Watoto walishika yale maneno kwa namna ya ajabu. Wazazi walivimba vichwa. Watu walivuka mabonde kuja kuwasikiliza, na aliyewashinda wote alikuwa Namkunda. Kitoto kile, ambacho hata kimo cha mpini wa jembe hakijafika, kilisimama mbele ya wazee kikaisema Safari ya Maji kutoka msituni hadi kwenye ndiva, bila kuruka neno. Wazee wazima walifuta machozi. Hata mimi ningelikuwapo ningefuta yangu, maana jambo la kushangaza ni la kushangaza, hata kama lina kasoro ndani.

Kasoro aliiona Nakijwa. Siku moja alimpa Namkunda kibuyu, akamtuma achote maji kidogo mferejini hapo hapo nyumbani. Mtoto akakawia. Bibi akamfuata, akamkuta amechuchumaa, amekizamisha kibuyu mdomo ukielekea kule maji yanakokwenda, si kule yanakotoka, na anashangaa kwa nini hakijai. Alijua majina yote ya mfereji ule, lakini hakujua maji huingiaje kibuyuni. Nakijwa alikigeuza kile kibuyu, kikajaa. Lakini uso wake ulionyesha alivyoumia.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa mabaya. Mvua ilinyesha mpaka ardhi ikashiba ikakataa, na asubuhi moja mlima ukanguruma. Kipande kizima cha ubavu wake kikateleza na miti yake na mawe yake. Mungu ni mkubwa, hakufa mtu. Lakini mfereji ulikuwa umekatika katikati, pale penye Jiwe la Chui, na maji yaliyotoka msituni yakawa yanaangukia korongoni. Ng'ambo ya ule udongo mwekundu uliochubuka, mfereji wa zamani ulikuwa mzima unaendelea hadi kwenye ndiva, mkavu. Kisha mvua zikaisha, jua likatoka kwa hasira. Maharage yalikuwa yametoa majani mawili mawili tu. Maji yasipofika kwenye ndiva kabla maharage hayo hayajanyauka, Vumbwe ingefunga mizigo ishuke tambarare kuomba hifadhi kwa watu.

Kajiru akawaita wanaume na majembe. Hakuwa na wasiwasi sana, maana maneno si alikuwa nayo? Akambeba Namkunda mabegani hadi pale mlima ulipochubuka, akamsimamisha juu ya jabali ambapo kila mtu angemwona.

"Sema, mjukuu wangu. Maji yanapita wapi?"

Namkunda akaweka mikono mapajani, akasema kwa sauti yake nyembamba:

"Toka Mkuyuni, shika ukingo. Fika Jiwe la Chui, pita miguuni pake. Toka miguuni pake, nyoosha mpaka mdomo wa ndiva."

Na Jiwe la Chui lilikuwapo, mnaonaje? Lilikuwa limesimama wima na madoa yake ya kuvu, kama lilivyosimama siku zote. Wakachimba kuelekea miguuni pake. Hapakuwa na mtu aliyejiuliza swali dogo ambalo ninyi hapa mnajiuliza sasa. Mlima ulipoteleza, jiwe nalo lilikuwa limeteleza, likashuka chini na udongo wake, likatulia huko kwa adabu kama halikutoka nyumbani. Jiwe lilikuwa lile lile, ila mahali hapakuwa pale. Na kwa kuwa ubavu wote ulikuwa umebadilika, jicho halikuwa na cha kulinganisha nacho. Walibaki na maneno tu, na maneno walikuwa wakiyaamini.

Wakafungulia maji. Yakaingia kwa furaha, yakapita miguuni pa jiwe, yakaongeza mwendo, yakala ukingo, yakabomoa, yakamiminikia matuta ya maharage yaliyokuwa chini. Wanawake wakapiga mayowe. Katikati ya zile kelele mtu mmoja akasema, "Mtoto amekosea!"

Kajiru alimgeukia mjukuu wake, na jasho linamtiririka. "Namkunda, umesahau wapi? Sema tena."

Namkunda akasema tena, neno kwa neno. Wakachimba tena, na maji yakabomoa tena, yakafagia kipande kingine cha maharage.

"Sema tena!"

Mtoto akafungua mdomo. Halikutoka neno. Akaufunga, akaufungua, akawatazama watu wote wale walio chini yake na majembe yao. Hakusema kitu siku ile. Hakusema kitu siku iliyofuata, wala hakuomba uji, wala hakulia. Aliketi tu, miguu pamoja, mikono magotini, kama alivyofundishwa.

Nakijwa alimfuata mumewe kwenye chanja cha kuni alikokuwa amejificha.

"Baba Mzava, mwanangu alikufa kwa homa, sikupata wa kumlaumu. Huyu akinifia na roho ikiwa ndani, nimlaumu nani?"

Kajiru akaokota ukuni, akaurudisha pale pale.

"Basi kuanzia leo ni wangu," akasema Nakijwa. "Maneno yako baki nayo."

Akambeba mtoto mgongoni, akashuka naye hadi chini ya korongo, pale maji ya mfereji uliokatika yalipotawanyika juu ya udongo laini. Vitoto vidogo zaidi, vile ambavyo Kajiru alikuwa bado hajavikusanya kwa sababu hata kutamka havijui, vilikuwa vimejaa pale. Wakubwa wote walikuwa na msiba wao wa maharage, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuvikataza. Vilikuwa vimepakaa tope hadi kwenye kope. Nakijwa akamweka Namkunda kwenye jiwe, akakaa kando akasuka ukili wake.

Namkunda akaketi, mikono magotini. Hakujua afanye nini. Kitoto kimoja chenye tumbo wazi kikamjia, kikamwangalia, kikaweka bonge la tope kwenye mapaja yake, kikaenda zake. Alilitazama lile bonge mpaka wakati wa kurudi nyumbani. Kesho yake alitia kidole. Siku nyingine akatia mkono. Nakijwa alikuwa anasuka tu, jicho likiwa kwa mtoto. Baada ya muda hukuweza tena kumjua Namkunda ni yupi katika kundi lile la tope. Lakini mdomo ulikuwa bado umefungwa.

Huko juu mambo yalikuwa yameharibika. Walichimba juu zaidi, maji yakasimama yakakataa kwenda. Walichimba chini zaidi, yakakimbia yakabomoa. Wanaume wakaanza kutupiana lawama, na baadhi ya nyumba zikaanza kufunga mizigo. Asubuhi moja Kajiru akashuka korongoni kumchukua Namkunda. Nia yake ilikuwa kumbembeleza ajaribu kusema mara moja ya mwisho, labda kuna neno yeye mwenyewe amelisahau.

Alipofika hakuita. Alisimama.

Watoto walikuwa wamejenga kandiva kadogo ka udongo, na baina ya maji na kandiva palikuwa na kichuguu kikubwa cha tope, mlima mzima kwa kimo chao. Walikuwa wanayazungusha maji kwenye kile kichuguu. Nao hawakuchimba kwanza. Waliachia maji kidogo tu, kijito cha unene wa uzi, wakayawekea ukingo wa tope upande wa chini, wakayaacha yajisogeze yenyewe. Yalipotaka kukimbia, waliinua njia kidogo. Yalipolala, walikwangua kidogo. Kisha wakangoja, wamenyamaza, pua zinakaribia kugusa maji. Na maji yakaenda. Yakajisogeza, yakazunguka kichuguu chote, na upande wa pili yalionekana kabisa kama yanapanda.

 Nguo za Kajiru zilikuwa safi, lakini alipiga magoti kwenye tope. Akataka kushiriki, akachovya kidole chake kikubwa, akachora mfereji mrefu, umenyooka, kama walivyofanya wanaume huko juu. Maji yakaingia mbio, yakabomoa upande.

Mkono mdogo wenye tope ukamshika kifundo cha mkono.

"Babu, usiyaburute," Namkunda akasema. "Yaache yatangulie, sisi tufuate."

Nakijwa aliuangusha ukili wake.

Kajiru akautoa mkono kwenye maji. Yalikuwa yamemrudia yote kwa pamoja: yeye mwenyewe, tumbo wazi, chini ya ukuta wa ndiva, na wenzake, na tope, miaka na miaka kabla baba yake hajampa jembe. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha maneno. Hayakuwapo. Alichokijua kilikuwa kimeingia kwa vidole, na alipotaka kuwapa watoto alikifunga katika maneno, akawafunga na vidole vyao. Akamkumbatia mjukuu wake na tope lake lote, akalia kama watu wanavyolia msibani.

Aliposimama aliwaita wanaume. Walipomwona anakuja na jeshi lake la vitoto vya tope, wengine walidhani huzuni imemharibu akili.

"Wekeni majembe," aliwaambia. "Pigeni magoti."

"Mzee, maharage yanakauka, nasi tucheze?"

"Ndiyo. Tucheze."

Sijui kama walitii kwa heshima au kwa kuchoka. Pale Mkuyuni wakaachia maji kidogo sana, uzi tu. Namkunda na wenzake wakatangulia, wakubwa wakafuata kwa magoti wakijenga ukingo kwa mikono. Maji yakasogea kiasi cha shibiri, yakasimama. Wakakwangua. Yakasogea. Polepole ile kelele ya lawama ikafa, watu wakawa wanasikia maji tu. Wakalipita Jiwe la Chui likiwa mbali huko chini, na ndipo kila mtu alipolitazama na kuelewa, na hakuna aliyethubutu kumtazama mtoto machoni.

Kijana mmoja akainua kichwa, akatazama walikotoka na wanakokwenda. "Lakini jamani," akasema, "hapa si tunapanda?"

"Nyamaza," Kajiru akamnong'oneza, "yatakusikia."

Wanawake walikuwa kule kwenye matuta, wamesimama na mikono kichwani, wakiona kamba inayong'aa inaupanda mlima bila mtu wa kuivuta, na mbele yake mtoto anatambaa. Jua lilipoanza kulala, ile kamba ikagusa mdomo wa mfereji wa zamani. Ikasita. Namkunda akakwangua kwa kidole kimoja. Maji yakaingia, yakaikumbuka njia yao, yakaenda. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walibaki kwa magoti, kimya, watu wazima na watoto, mpaka waliposikia kwa mbali sauti ya maji yakiangukia ndani ya ndiva kavu. Wazee walivua kofia zao.

Kajiru ndiye aliyevunja kimya kile. "Miaka yote hii," akasema, "nimewapa watoto majina ya maji, nikawanyima maji yenyewe." Akamwinua Namkunda, akamwonyesha kwa watu, si kwenye jabali safari hii bali kifuani pake. "Maji humtii aliyeyachezea."

Maharage yakapona. Na tangu siku ile Vumbwe ikawa na desturi: ndiva ikifunguliwa, maji ya kwanza huachiwa watoto chini ya ukuta, na hata shamba la mkubwa wa kijiji hungoja.

Msije mkasema bibi amesema maneno hayana kazi. Namkunda alipong'oka meno ya mbele na kuota mengine, alikwenda mwenyewe kwa babu yake akamwambia, "Sasa nipe Safari ya Maji." Aliishika upesi kuliko mtu yeyote, maana kila jina lilimkuta tayari ana mahali pa kuliweka. Mahali pamoja alipasahihisha. Alisema, "Fika Jiwe la Chui, lisalimie kwa mbali, usilifuate." Babu akacheka mpaka kifua kikambana. Namkunda ndiye aliyeurithi mfereji, na ndiye aliyekuja kumzaa mama wa bibi yangu.

Mbona mmeacha kupukuchua? Na mama yake Nanzia yuko wapi?

Aha, yuko bombani. Tazameni, lakini msimwite. Yule mtoto amelizungushia dimbwi ukingo wa tope, na maji yanalizunguka jiwe la kufulia, yanakwenda zake kwenye mgomba. Elineema amesimama juu yake na karatasi zile za herufi mkononi. Alikuwa anataka kuinama amsaidie.

"Mama, usiguse," Nanzia amemwambia. "Bado yanakuja."

Sasa anavua viatu. Viatu vya mjini hivyo, anaviweka juu ya ukuta, na karatasi anazibana chini yake zisipeperuke, maana siku ya herufi nayo itafika. Anachuchumaa. Mnamsikia anavyojisemea?

"Maji humtii aliyeyachezea."